Krimu au kijivu hafifu: namna ya kuamua rangi ya ukutani kwa nyumba ya Mwanza

Skimu, ile plasta laini ya mwisho ukutani, imekauka, fundi rangi anauliza kila siku "tunanunua lini?", na kwenye kadi ya rangi zimebaki alama mbili za kalamu. Moja ni krimu, nyingine ni kijivu hafifu. Baba anataka hii, mama anataka ile, na kila mmoja ana picha kwenye simu ya kuthibitisha maneno yake. Wengi wakifika hapo huenda dukani, wakasimama chini ya taa za duka, wakalinganisha vipande viwili vya karatasi vyenye upana wa vidole viwili, wakaamua. Rangi inachanganywa, inapakwa, na jioni ya kwanza tu mtu anamuuliza fundi mbona hii siyo niliyochagua.

Ni ileile. Kilichobadilika ni mwanga. Watu huzidharau rangi tulivu kwa kuwa haziwaki, lakini kwa uzoefu wangu wa kupaka nyumba hapa mjini ndizo zinazosumbua kuliko zote. Nyekundu itaonekana nyekundu asubuhi, mchana na usiku. Krimu na kijivu hubeba rangi kidogo sana ndani yake, kwa hiyo hufuata mwanga wowote unaozifikia. Ndiyo maana mteja akiniuliza ipi nzuri zaidi, humrudishia swali: katika chumba hiki unakaa saa ngapi? Rangi inayopendeza saa hiyo ndiyo yako. Hatua zinazofuata ni za kuitafuta.

Hatua ya 1: Jua dirisha linatazama wapi

Ushauri mwingi wa rangi ulioko mtandaoni umeandikwa na watu wa Uingereza na Marekani. Watakuambia chumba kinachotazama kaskazini kina mwanga wa baridi, kwa hiyo kipakwe rangi yenye joto. Kwao ni kweli. Wako mbali kaskazini mwa ikweta, jua lao hupita upande wa kusini, na dirisha la kaskazini halipati jua la moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ukiufuata ushauri huo hapa Mwanza, Buhongwa au Igoma, utapotea.

Mwanza iko nyuzi 2 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba, jua la mchana hupita karibu kabisa juu ya utosi. Kati ya miezi hiyo huegemea kaskazini, na kuanzia Oktoba huegemea kusini, lakini saa za mchana liko juu mno na paa lenye kibaraza hulizuia lisiingie sana ndani. Kwa hiyo dirisha la kaskazini na la kusini kwetu hayapishani kama yanavyopishana Ulaya. Kinachoamua kwetu ni mashariki na magharibi, kwa sababu huko ndiko jua linakoshuka chini na kuingia chumbani lenyewe.

Halafu kuna ziwa. Mji umekaa upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, maana yake ukiwa Nyegezi, Luchelele, au upande wa Capri Point unaotazama ghuba, maji yako magharibi. Sebule nyingi za huko zimejengwa zitazame maji, na ni haki yake. Lakini sebule ya namna hiyo hupata mwanga wa aina mbili tofauti kabisa kwa siku moja. Asubuhi jua liko nyuma ya nyumba, na kinachoingia dirishani ni mwanga wa anga na maji tu, wenye ubluu. Kuanzia saa kumi jioni jua linaingia moja kwa moja, na lingine linarudi kutoka majini. Huo unaorudi kutoka majini unaingia ukitokea chini kwenda juu, kwa hiyo unapiga dari na sehemu ya juu ya ukuta kabla ya kitu kingine. Jua letu linazama kama saa moja kasoro, kwa hiyo mwanga huo wa njano mnakaa nao muda mrefu, na ndizo saa ambazo watu wamerudi nyumbani.

Wale wa milimani, Isamilo, Bugando, Mabatini, wana jambo jingine. Dirisha linaweza kutazama jiwe kubwa lililoko mita chache tu kutoka ukutani. Jiwe hilo linakula anga, kisha linarudisha mwanga uliopoa. Mwembe ulio karibu na dirisha huingiza ukijani, na paa la bluu la jirani wa bondeni huingiza ubluu. Usiwaze tu kwamba chumba kina dirisha kubwa. Simama ndani ya chumba, tazama nje, uone mwanga unatua wapi kabla ya kukufikia.

Fungua dira ya simu, zunguka vyumba vyote, andika kila chumba kinatazama wapi na nini kiko mbele ya dirisha lake. Karatasi hiyo utaihitaji tena.

Hatua ya 2: Tazama vitu ambavyo hutavibadilisha

Pazia na kochi vinabadilika. Taili hazibadiliki, wala milango, wala vioo. Anza na taili, kwa sababu ndicho kitu kikubwa kuliko vyote baada ya kuta na dari. Taili ya krimu yenye mishipa ya kahawia ikiwekewa kuta za kijivu chenye ubluu huonekana chafu hata ikiwa imetoka kupigwa deki. Taili ya kijivu inayong'aa nayo, ukiizungushia kuta za krimu yenye unjano mwingi, huwa kama imetoka nyumba nyingine. Milango ya mninga au mkongo ina wekundu na joto, na inakaa vizuri na krimu karibu yoyote. Kwa kijivu, inataka kijivu chenye udongo ndani yake.

Vioo ndivyo watu husahau. Madirisha mengi ya aluminiamu siku hizi yana vioo vya rangi: bluu, kijani au kahawia. Kila mwanga unaopita hapo unaingia ndani umeshabadilika. Kijivu hafifu nyuma ya kioo cha bluu huwa bluu tu, hakuna namna ya kukwepa. Kama vioo vyako ni vya bluu na moyo wako uko kwenye kijivu, fanya majaribio dirisha likiwa limefungwa, kwa sababu ukilifungua unajidanganya. Wavu wa mbu nao hupunguza mwanga, kwa hiyo uwe umeshawekwa.

Hatua ya 3: Itafute rangi iliyo chini ya rangi

Kila krimu imevuta kuelekea mahali fulani: njano, pichi, au kijani kidogo. Kila kijivu kimevuta bluu, zambarau, kijani au udongo. Ukitazama kipande kimoja peke yake hutaiona. Chukua karatasi nyeupe ya kuchapia, iweke mezani karibu na dirisha, weka kipande cha rangi juu yake. Palepale rangi iliyojificha itajitokeza. Njia nyingine ni kutazama rangi nzito kabisa iliyo chini ya mstari uleule wa kadi. Kama ile ya chini ni bluu ya wazi, basi hata ile hafifu ya juu ina bluu, ila imechanganywa na nyeupe nyingi.

Baadhi ya kadi zina namba iliyoandikwa LRV. Namba hiyo hueleza rangi inarudisha mwanga kiasi gani: 0 ni nyeusi inayomeza wote, 100 ni nyeupe inayourudisha wote. Linganisha namba za rangi zako mbili. Ikiwa krimu ina 75 na kijivu kina 55, basi hapo unachagua pia kati ya chumba chenye nuru na chumba kilichopoa, na pengine unachokitaka ni kijivu kingine chepesi zaidi. Kwa chumba chenye dirisha dogo mimi sipendi kushuka chini ya 65.

Hatua ya 4: Tengeneza vibao

Hapa usibane matumizi. Nunua lita moja ya kila rangi, au kopo dogo kabisa ambalo duka linakubali kuchanganya. Rangi itakayoshinda utaitumia ukutani, na itakayoshindwa itapaka stoo.

Tafuta vipande viwili vya jipsamu vilivyobaki kwa fundi dari, kila kimoja angalau sentimita 60 kwa 60. Vikikosekana, hadibodi inafaa. Vipake kwanza rangi nyeupe ya chini, ikauke, kisha mikono miwili, yaani tabaka mbili, ya rangi yenyewe kwa rola, kwa sababu rola ndiyo itakayotumika ukutani na brashi huacha mistari inayodanganya jicho. Rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa, kwa kuwa gundi iliyomo ni nyeupe kama ingali na maji na huwa angavu ikikauka. Basi usitoe hukumu siku hiyohiyo. Acha vibao vilale.

Watu wengi hupaka viraka viwili ukutani, kimoja pembeni ya kingine. Siipendi njia hiyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ukuta una rangi yake, na kama plasta ni mpya na haijatimiza wiki nne hivi, una unyevu pia, na unyevu huifanya rangi iwe nzito. Ya pili ndiyo kubwa zaidi: rangi mbili zikigusana, kila moja huisukuma mwenzake. Krimu ikikaa ubavuni mwa kijivu huonekana ya njano kupita kiasi, na kijivu nacho huonekana cha bluu. Ndani ya nyumba hazitakaa hivyo. Basi kibao kimoja kiingie chumbani, kitazamwe siku nzima, kitoke, kesho yake kiingie kingine. Mwishoni kabisa ndipo uviweke pamoja kama bado huna uhakika.

Kiweke kibao kwenye kona, si katikati ya ukuta. Katika kona kuta mbili hurudishiana mwanga, na kila mrudisho huongeza nguvu ya rangi. Ndiyo sababu rangi iliyoonekana laini kwenye kadi hukolea ikizungushwa chumba kizima. Kama umependa rangi fulani kwa moyo wote lakini kwenye kona inakolea, omba iliyo hatua moja juu yake kwenye kadi ileile.

Hatua ya 5: Tazama kwa saa zako

Tazama kibao saa moja asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni, na saa mbili usiku taa zikiwa zimewashwa. Kisogeze ukuta mmoja hadi mwingine. Ukuta unaotazamana na dirisha na ule wenye dirisha lenyewe havifanani hata kidogo. Siku ya mawingu na siku ya jua zote zihesabiwe, hasa kama unapaka kiangazi cha Juni hadi Agosti, maana mvua zikianza mwanga wa nyumba nzima utapoa.

Nakumbuka nyumba moja Nyegezi, imekaa mteremkoni, sebule inatazama ghuba. Mama mwenye nyumba alikuwa upande wa krimu, mumewe upande wa kijivu. Asubuhi tulipoweka kibao cha krimu kwenye kona ya kushoto, mama alifurahi: kilitulia, kikapatana na milango ya mninga. Siku iliyofuata, saa ileile, kijivu kilionekana kimenyauka, kimevuta bluu, hata mzee mwenyewe akaanza kusita. Nikawaomba tusiamue. Jioni nikaleta vibao vyote viwili, kila kimoja kona yake. Ilipofika saa kumi na moja na nusu jua likaingia kupitia mlango wa kibarazani, mwanga wa maji ukawa unacheza darini, na krimu ikageuka.

"Fundi, mbona hii imekuwa kama samli?"

"Ndiyo hiyohiyo ya asubuhi, mama."

Akageukia kona ya pili. Kijivu kilichokuwa na ubluu asubuhi kilikuwa kimepata joto, kimekaribia rangi ya mchanga mkavu wa pwani ya ziwa, na mistari ya milango ilionekana wazi. Mzee alicheka tu, hakusema neno. Nikawauliza asubuhi nani huwa sebuleni. Hakuna mtu, wote wako kazini na watoto wako shule. Sebule ikapakwa kijivu. Chumba chao cha kulala, ambacho kiko mashariki na hupata jua la asubuhi hadi kama saa nne, kikapakwa krimu, na hapo mama alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Hatua ya 6: Badilisha taa kabla ya kubadilisha rangi

Kwenye boksi la taa kuna namba yenye herufi K. Taa za 2700 hadi 3000 hutoa mwanga wa njano, 4000 ni wa katikati, na 6500 ni mweupe wenye ubluu. Nyumba zetu nyingi zina hizi za 6500 kwa sababu watu wanaona ndizo zinazoangaza. Chini yake, kijivu hupoa sana na ngozi za watu hupauka. Krimu hupoteza joto lake na wakati mwingine huonyesha ukijani. Kama kibao chako kimependeza mchana kutwa na kimeharibika saa mbili usiku, nunua taa moja ya 3000 au 4000, uifunge, utazame tena. Taa ni rahisi kuliko ndoo ya lita 20. Kwa chumba cha kulala, ambacho mnakitumia zaidi usiku, taa ndiyo hakimu, na jua unaweza kulisahau.

Hatua ya 7: Mng'ao

Rangi ileile ikiwa isiyong'aa na ikiwa silki, yaani yenye mng'ao, ni kama rangi mbili, kwa hiyo kibao kipakwe aina utakayoitumia. Isiyong'aa huficha makosa ya skimu. Silki hufutika, lakini jua la jioni likipita ubavuni mwa ukuta huonyesha kila wimbi la fundi skimu. Nyumba za ufukweni zina wadudu wa ziwani wanaokuja kwa makundi usiku na kutua karibu na taa. Ukiwafuta kwenye rangi isiyong'aa unabaki na madoa. Kwa sebule ya huko na kwa korido ya watoto, nachagua silki yenye mng'ao mdogo, kisha namsimamia fundi skimu kwa ukali. Vyumba vya kulala vinaweza kubaki bila mng'ao.

Hatua ya 8: Amua

Toa ile karatasi ya hatua ya kwanza. Sebule ya magharibi au ya kutazama maji inayotumika jioni, ninaegemea kijivu chenye udongo. Chumba kilichozibwa na jiwe au ukuta wa jirani, krimu nyepesi, maana kijivu pale hakipati mwanga wa kukiinua. Chumba cha mashariki kinafaa zote mbili, taili zichague. Rangi zikifungana kila mahali, chukua ile inayopatana na sakafu na usirudi nyuma.

Nyumba moja inaweza kubeba zote mbili, mradi ziwe na uzito unaokaribiana. Simama koridoni milango ikiwa wazi: chumba kimoja kisionekane kimewashwa na kingine kimezimwa. Korido yenyewe ifuate sebule. Na dari, hasa kwa nyumba ya kutazama ziwa, iwe nyeupe tupu. Ukiipaka krimu, mwanga wa jioni utaitia unjano kabla hata haujafika ukutani.

Hatua ya 9: Kununua

Pima kabla ya kwenda. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 chenye kuta za mita 3 kina mzunguko wa mita 15, sawa na mita za mraba 45. Ondoa mlango na madirisha mawili, unabaki na kama 40. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili ni lita 8, yaani galoni mbili za lita 4. Skimu mpya hunywa rangi. Ianze na prima, yaani rangi ya chini, la sivyo ongeza hesabu.

Chukua rangi ya chumba chote kwa mara moja, duka moja, na hakikisha namba ya bechi kwenye makopo ni moja. Rangi iliyochanganywa kwa mashine leo na iliyochanganywa wiki ijayo zinaweza kupishana kidogo, na kupishana kidogo katikati ya ukuta huonekana. Kama ni makopo mengi, yamimine yote kwenye ndoo kubwa, koroga, ndipo uanze. Kabla ya kuondoka dukani fungua kopo, chovya kidole, paka kwenye kifuniko, subiri kikauke, ulinganishe na kipande ulichokata kutoka kibao chako.

Piga picha ya stika ya mchanganyo iliyobandikwa kwenye kopo, maana baada ya mwaka hakuna dukani atakayekumbuka ulichonunua. Bakiza nusu lita, ifunge vizuri, andika juu jina la chumba na namba ya rangi, uiweke mahali penye kivuli. Ukuta wa karibu na swichi ndio utakaoihitaji kwanza.